Penye Njia Ndipo Spana Hufika

Swali hili linarudi kila wiki, limebadilisha nguo tu. Mmoja ana Hilux ya injini ya 2L, stata imekufa. Bolti ya chini ameitoa, ya juu haioni wala haigusi. Mwingine ana Land Cruiser pikapu yenye 1HZ, na plagi ya kupashia ya silinda ya sita imejificha nyuma kabisa, ukutani mwa kabini. Wa tatu anataka kubadili geji ya mafuta, na fundi kamwambia tangi lazima lishuke, wakati bolti zake zimeshakuwa jiwe. Wote wanauliza: nitafikaje?

Jibu langu kwa wote watatu ni moja: acha kuupenyeza mkono, ondoa kinachouzuia. Bolti zisizofikika kweli ni chache sana. Nyingi ni zile ambazo mtu aliona uvivu kutoa vitu vitatu vilivyo mbele yake.

Kwetu Lubumbashi ukimwambia mtu umeandika makala, atakuuliza ni magunia mangapi, maana makala huku ni mkaa. Haya si ya kutia kwenye mbabula, jiko letu la mkaa. Ila wabeba makala yanawahusu sana, kwa kuwa pikapu zao ndizo zinazofika gereji zikiwa zimechoka kuliko zote.

## Kwanza, gari lako limepitia kwa nani?

Kongo tunaendesha kulia, na usukani unakaa kushoto. Zambia na Tanzania ni kinyume. Kwa hiyo pikapu nzee iliyoingia kwa mpaka wa Kasumbalesa inaweza kuwa ilizaliwa na usukani kulia, kisha fundi fulani akauhamisha. Kama lako ni hivyo, jua haya kabla ya kushika spana:

- Fimbo ya usukani huenda inapita pale ambapo kiwanda kiliacha wazi, pengine juu kabisa ya stata au chujio la oili.
- Silinda kuu ya breki na bomba la klachi vimebanwa mahali ambapo hakuna kitabu kilichovichora.
- Bolti zimechanganyika. Toyota ya kiwandani hupenda vichwa vya 10, 12, 14, 17 na 19. Ukikutana na 13, jua kuna mtu aliyepita hapo.

Safisha kabla ya kuhukumu. Vumbi jekundu la barabara zetu likikutana na oili hugeuka keki ngumu juu ya kichwa cha bolti. Ikwangue kwa bisibisi, isugue kwa brashi na mazutu (dizeli) kidogo, mpaka uone pembe zote sita. Soketi ikikalia matope hushika nusu ya kichwa tu, na nusu hiyo ndiyo inayoviringika.

## Kabla ya kulala chini ya gari

1. Toa waya wa hasi wa betri, ule wa masi. Waya mnene wa stata una umeme muda wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako.
2. Inua gari kwa jeki, kisha lilaze juu ya stendi za chuma au magogo mapana ya mti mgumu. Jeki kazi yake ni kuinua. Usiiachie kazi ya kushikilia.
3. Usitumie matofali ya kuchoma. Hupasuka ghafla, hayatoi onyo.
4. Zuia magurudumu yaliyobaki chini, mbele na nyuma.
5. Sukuma gari kwa mkono kabla ya kuingia. Likicheza, hujamaliza kulifunga.
6. Acha injini ipoe. Mkono unaoungua hujivuta wenyewe, na unapojivuta hukatwa na bati.
7. Vua saa, pete na mkufu.

## Vifaa: vichache, lakini vya kweli

Huhitaji kabati zima. Unahitaji hivi:

- Soketi za pembe sita, si za pembe kumi na mbili. Ya pembe sita hushika ubavu wa bolti. Ile nyingine hushika ncha tu, na kwenye kutu ncha haziachi kuteleza.
- Ralonji tatu, yaani vyuma vya kurefushia soketi, za urefu tofauti, zinazoungana.
- Kardani ndogo ya soketi, ile inayopinda. Izungushie mkanda wa plastiki mara mbili tatu: itapinda unapotaka, lakini haitalegea na kuanguka ovyo.
- Kioo kidogo. Kipande kilichofungwa kwenye spoki ya baiskeli kinatosha.
- Sumaku kwenye waya, kwa nati itakayoanguka. Itaanguka.
- Taa ya kichwani. Ya simu inakula mkono mmoja, nawe una miwili tu.
- Spana moja ya bei rahisi uliyo tayari kuikata au kuipinda kwa moto. Spana fupi ya 12 au 14 iliyopindwa hufika pengi kuliko seti nzima ya kifahari.

## Milango mitano ya gari lolote

Kabla ya kusema haifikiki, zunguka gari na ujaribu milango hii mmoja mmoja:

1. Juu. Toa kikasha cha chujio la hewa, betri na trei yake. Dakika ishirini tu, na nusu ya injini inaonekana.
2. Chini. Hapa ndipo ralonji ndefu zinapofanya kazi.
3. Gurudumu la mbele. Litoe, kisha fungua raba au bati lililo ndani ya tao. Ubavu wa injini utakutazama uso kwa uso.
4. Ndani ya kabini. Pikapu nyingi za zamani zina kifuniko cha bati chini ya mpira wa gia, juu ya giaboksi. Skrubu chache tu, nawe unaona sehemu ambazo wengine huzipapasa gizani.
5. Sanduku la mizigo. Watu husahau kwamba linanyanyuka.

## Stata: bolti ya juu

Hapa ndipo wengi huacha ngozi ya vidole, nami niliacha yangu. Pikapu moja ilikuwa imeteremka kutoka Mitwaba, huko kaskazini, ikisukumwa kila ilipozimika. Mwenyewe alikaa kwenye kibao akisubiri. "Fundi, leo tutalala nyumbani?" "Tuone, mukubwa." Tangu asubuhi hadi jua la utosi nilikuwa nimetumbukiza mkono kutoka juu, kati ya bomba la eksozi na bloku ya injini. Spana ilipata nafasi ya kusogea kama upana wa kiberiti, kisha ikateleza, tena na tena.

Mzee wa gereji ya jirani alikuja kuomba moto wa sigara. Alitazama, hakusema neno. Akalala chini, akaunga ralonji tatu na kardani moja, akazipitisha juu ya giaboksi kutoka nyuma kuelekea mbele. Mpini wake ukatokea karibu na mkia wa giaboksi, mahali peupe ambapo hata mtoto angevuta. Kraa! Mara moja. Alipokuwa akijipangusa akaniambia, "Wewe ulikuwa unaitafuta bolti. Mimi nilitafuta mahali pa kukaa mpini."

Siku hiyo ndiyo iliyonifundisha ufundi. Bolti inaweza kukaa pabaya, lakini mkono wako si lazima ukae huko pamoja nayo.

Hatua zake:

- Tumia kioo kujua kichwa cha bolti kinatazama wapi. Kikitazama giaboksi, njia yako inatoka nyuma. Kikitazama radieta, njia iko mbele au kwenye tao la gurudumu.
- Kaza soketi kwenye ralonji kwa mkanda, isije ikabaki huko juu peke yake.
- Legeza bolti ya juu kwanza, wakati ya chini bado inashikilia uzito.
- Weka mkono au kigogo chini ya stata kabla ya bolti ya mwisho. Ni nzito, na uso wako uko chini yake.

Ikishatoka, usikimbilie kununua nyingine. Stata za Denso zilizo kwenye Toyota nyingi zina vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi zake, ambavyo hulika kadiri zinavyotumika. Dalili yake ni sauti ya "tak" moja bila injini kuzunguka. Kama ndivyo vilivyolika, badilisha vipande hivyo tu. Tuko Katanga, shaba haitushindi.

## Bolti za juu za kengele ya klachi

Unabadili klachi, bolti zote zimetoka, mbili za juu zimegoma kuonekana. Usikate sakafu ya kabini. Fanya hivi:

1. Shikilia giaboksi kwa jeki, kwa kipande cha ubao juu yake.
2. Toa daraja la chuma linaloshika mkia wa giaboksi.
3. Shusha mkia polepole. Injini itainama nyuma, na nafasi itafunguka juu ya kengele.
4. Ingiza ralonji ndefu kutoka nyuma, juu ya giaboksi.

Onyo: injini inapoinama, feni huweza kugusa kava lake lililo kwenye radieta, na mabomba ya hita yaliyo nyuma huvutika. Mwambie mtu asimame juu akitazama wakati wewe unashusha. Akisema "simama", simama.

## Plagi ya kupashia iliyo mwisho

Hatari hapa ni kuikata plagi ikabaki ndani, maana hapo kichwa cha injini huenda kikalazimika kutoka.

- Washa injini kidogo ipate uvuguvugu, kisha zima. Chuma kilichopata joto huachia vizuri zaidi.
- Ziba matundu ya karibu kwa kitambaa kabla ya kufungua nati ndogo za bamba linalounganisha plagi.
- Tia mafuta ya kupenyeza, subiri, kisha zungusha robo kwa robo: mbele kidogo, nyuma kidogo.
- Ukihisi plagi inajinyonga kama mpira bila kuzunguka, acha. Tia mafuta tena, urudi kesho.

Na kama zile za mbele zimetoka na ya nyuma ni ngumu, usiiache ya zamani kwa kusema "injini itawaka tu". Itawaka, kweli. Asubuhi ya Juni, wakati wa baridi ya kiangazi chetu, ndipo utakapoikumbuka.

## Geji na pampu iliyo juu ya tangi

Mafundi wengi huanza kwa kushusha tangi. Wakati mwingine ni sawa. Lakini tangi likiwa na mafuta ni zito, na kamba zake za chuma zimeoza. Fikiria kunyanyua sanduku la mizigo badala yake:

1. Hesabu bolti zake. Mara nyingi ni sita hadi nane. Zitie mafuta jana yake.
2. Chomoa waya za taa za nyuma.
3. Fungua mdomo wa kujazia mafuta pale unapokutana na sanduku.
4. Watu wanne, kila mmoja pembe yake. Au nyanyua upande mmoja tu, uuegemeze juu ya mti imara, kisha ufunge kamba.
5. Pangusa vumbi lote juu ya tangi kabla ya kufungua geji. Kinachoangukia ndani kitasafiri mpaka kwenye pampu.

Hapa sina mzaha: mbabula ya jirani, sigara na mashine ya kulehemu vikae mbali. Tangi tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Usilehemu tangi lililotoka kwenye gari, hata kama lina mwezi halijatiwa mafuta, kama halijaoshwa kwa utaratibu na mtu anayeijua kazi hiyo.

## Nati haikai vidoleni

Kufungua ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kurudisha nati mahali ambapo kidole kimoja tu hufika.

- Tia grisi ndani ya soketi, au kipande cha karatasi, ili nati ikwame humo.
- Funga uzi kwenye washa; ikianguka, unavuta.
- Zungusha kinyume kwanza, taratibu, mpaka uhisi "tik" ndogo nyuzi zinapokaa. Hapo ndipo uanze kukaza.
- Mizunguko mitatu ya kwanza iwe ya vidole tu. Ikigoma vidoleni, imeingia kombo. Itoe.

## Bolti ikikataa kabisa

Fuata mpangilio huu, usiruke:

1. Mafuta ya kupenyeza, kisha usiku mmoja. Mazutu iliyochanganywa na oili ya giaboksi ya otomatiki si mbaya kama huna ya kopo.
2. Nyundo ndogo kichwani, mara nyingi na polepole. Kutu hutikisika kabla ya kuvunjika.
3. Ikaze kidogo kwanza, ndipo ulegeze.
4. Joto, kama hakuna mafuta, mpira wala waya karibu. Chuma kikiwa moto, gusa nyuzi kwa mshumaa; nta huyeyuka na kujipenyeza ndani.
5. Bomba refu kwenye mpini, lakini vuta kwa mkono mmoja na sikiliza. Bolti inayoachia hulia. Bolti inayokaribia kukatika huwa laini na kimya. Ukihisi ulaini huo, acha hapohapo.

## Makosa yanayorudiwa

- Kuanza kazi ndefu saa kumi jioni. Giza na haraka vimevunja bolti nyingi kuliko kutu.
- Kuweka bolti zote kwenye kopo moja. Zichomeke kwenye katoni, kila moja mahali pake, uandike jina.
- Kukata bomba au waya "kwa muda". Muda huo hauishi.
- Kutumia koleo pale soketi inapohitajika.
- Kutuma kijana mwenye mkono mwembamba chini ya gari ambalo wewe mwenyewe ungeogopa kuingia.

## Najua utasema

"Sina vifaa hivyo." Ralonji moja na kardani moja hazifikii gharama ya kubadilishiwa kichwa cha injini kwa sababu ya plagi iliyokatika. Nunua kimoja kimoja, kwa kila kazi.

"Kutoa vitu vyote hivyo ni kupoteza muda." Chukua saa ujipime. Kutoa betri, trei na chujio ni dakika ishirini. Mimi nilipoteza asubuhi nzima kwa kung'ang'ania kuupenyeza mkono.

"Fundi wangu anasema injini lazima itoke." Pengine yuko sahihi. Muulize swali moja: "Ni bolti gani hasa, na umeshajaribu kwa njia ipi?" Anayejua atakuonyesha kwa kidole. Anayebahatisha atakutajia bei.

"Nikishindwa je?" Basi simama ungali na gari linaloweza kuvutwa. Kazi ya breki, tangi lenye mafuta, na bolti iliyokatikia ndani ya kichwa cha injini, mpelekee mwenye uzoefu.

## Kabla ya kuelekea Mitwaba

Mitwaba iko kaskazini, karibu na mbuga ya Upemba. Hadi Likasi, kilomita kama 120 kutoka Lubumbashi, una lami na maduka ya vipuri. Ukishaiacha lami, unabaki na ulicho nacho, na kwenye miezi ya mvua hata mtu wa kukuvuta huwa amekwama kama wewe.

Kwa hiyo kazi ya bolti ngumu ifanyie nyumbani, kabla haijawa ya lazima. Siku mbili kabla ya safari:

- Legeza bolti ya juu ya stata, ipake grisi, uirudishe.
- Fanya hivyohivyo kwa bolti ya kurekebishia mkanda wa altaneta na kizibo cha chujio la mazutu.
- Jaribu skrubu za kutolea hewa kwenye breki na klachi. Iliyoganda ni bora uijulie Lubumbashi.
- Chukua mpangilio ule ule wa ralonji, kardani na soketi uliofanikiwa, uufunge pamoja kwa kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu na uuweke nyuma ya kiti.
- Andika daftarini: "Stata juu: 14, ralonji tatu, kutoka nyuma ya giaboksi." Mstari mmoja kwa kila bolti.

Yule mwenye pikapu ya Mitwaba alilala nyumbani siku ile. Kabla hajaondoka aliomba kalamu, akaandika urefu wa ralonji kwenye ukuta wa ndani wa mlango wake, kwa herufi kubwa. Miezi baadaye stata ilimsumbua tena, mbali na gereji yoyote. Aliporudi hakuleta gari. Alikuja na vile vipande viwili vya shaba vilivyolika, mkononi, akauliza nina vingine.